Zinia: Ua lisiloshindania maji na familia

Na Mwandishi Wetu

WAKAZI wengi wa mijini hupenda kuona maua mlangoni mwa nyumba zao, lakini wengi pia huyakatia tamaa mara mgawo wa maji unapoanza. Mwenye nyumba anayenunua maji kwa dumu au kwa boza hawezi kulaumiwa akiyaacha yakauke, kwa kuwa maji ya kunywa, kupikia na kufulia hayana budi kutangulia.

Hali hiyo si ngeni katika miji yetu. Mwishoni mwa Oktoba 2022, Jiji la Dar es Salaam liliingia katika mgawo wa maji baada ya kina cha Mto Ruvu, unaotegemewa na sehemu kubwa ya jiji hilo, kushuka kutokana na uhaba wa mvua.

Dodoma nako mvua hunyesha msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na wastani wake kwa mwaka ni kati ya milimita 550 na 600. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya maji ya jiji hilo imetoka katika visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora.

Utafiti uliopitia kumbukumbu za zaidi ya miaka 50 za kina cha maji ya ardhini katika bonde hilo ulionyesha kuwa akiba yake hujazwa zaidi na misimu michache ya mvua kubwa kuliko mvua za kawaida za kila mwaka. Maana yake ni kwamba ndoo inayomwagwa bustanini leo imechotwa katika akiba ambayo huenda ikachukua miaka kadhaa kurudishwa.

Kwa hiyo, swali la kujiuliza ni maua gani yanayoweza kuishi na kuchanua kwa maji machache yanayobaki baada ya familia kutosheka. Zinia ni mojawapo ya majibu mazuri kwa swali hilo. Mbegu yake huota upesi, huchanua ndani ya miezi miwili au zaidi kidogo, hupenda jua kali, na ikishashika ardhini huvumilia siku kadhaa bila kumwagiliwa.

Hata hivyo, uvumilivu huo haupatikani kwa mmea kupandwa na kusahauliwa. Hutokana na namna mkulima anavyoulea katika wiki zake za mwanzo, na namna anavyojizuia kuumwagilia pasipo haja. Makala haya yanaeleza asili ya ua hili, aina zake na namna ya kulitunza katika bustani ya nyumbani.

Asili na jina lake

Zinia ni mmea wa jamii moja na alizeti. Makao yake ya asili ni Amerika, hususan Mexico, ambako aina nyingi zaidi hupatikana katika nyanda za nyasi na vichaka vikavu. Ililetwa Ulaya katika karne ya 18, na tangu hapo imesambazwa na wapenzi wa bustani karibu duniani kote.

Jina lake linatokana na Johann Gottfried Zinn, daktari na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyezaliwa mwaka 1727 na kusimamia bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Göttingen. Mwaka 1755 alichapisha kitabu mashuhuri kuhusu maumbile ya jicho la binadamu, na hadi leo nyuzi ndogo zinazoshikilia lenzi ya jicho zinaitwa kwa jina lake. Alifariki dunia mwaka 1759 akiwa na umri wa miaka 31, na mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, akaupa mmea huo jina la kumuenzi.

Kinachoitwa ua moja la zinia, kwa hakika, ni mkusanyiko wa maua mengi madogo. Yale ya pembeni ndiyo yenye petali ndefu za rangi, na yale ya katikati ni madogo ya manjano yanayotembelewa na nyuki na vipepeo. Rangi zake ni nyekundu, waridi, chungwa, manjano, zambarau, nyeupe na hata kijani hafifu. Zinia haina rangi ya buluu.

Kwa nini inastahimili ukame

Katika makao yake ya asili, zinia hupata mvua kwa miezi michache, kisha hufuata kiangazi kirefu. Mmea umejifunza kuota upesi, kuchanua upesi na kuacha mbegu kabla ardhi haijakauka kabisa. Mbegu hizo hungoja mvua inayofuata.

Majani yake ni ya kukwaruza kidogo ukiyagusa, na hayana vikonyo virefu. Yamekaa mawili mawili, yakikabiliana kwenye shina. Aina zenye majani membamba hupoteza maji kidogo zaidi hewani kuliko zile zenye majani mapana. Mizizi nayo hushuka na kutanuka kwa haraka pale udongo unapokuwa umelegezwa vizuri.

Lakini mmea uliozoea ardhi kavu una udhaifu wake: haupendi miguu iliyolowa wala majani yenye unyevu wa kudumu. Jambo hilo lilionekana wazi mahali pasipotarajiwa, katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.

Mwishoni mwa mwaka 2015, Shirika la Anga za Juu la Marekani, NASA, lilipanda zinia katika kituo hicho kama jaribio la kujifunza kukuza mimea ya maua angani. Desemba ya mwaka huo unyevu ulizidi, matone ya maji yakatokea kwenye majani, ukungu ukaota na baadhi ya miche ikafa. Feni ilipoongezwa kasi ili kupunguza unyevu, miche ikaanza kukauka kupita kiasi.

Mwanaanga Scott Kelly aliomba aachiwe kuitunza kwa kuitazama kila siku na kuamua mwenyewe ni lini inahitaji maji, badala ya kufuata ratiba iliyopangwa kutoka duniani. Ombi hilo lilikubaliwa, miche iliyosalia ikapata nafuu, na katikati ya Januari 2016 picha ya ua la zinia lililochanua angani ilisambaa duniani kote.

Somo hilo linafaa hata kwa bustani ya uani. Zinia humwagiliwa kwa kuangalia hali ya udongo na majani, si kwa kufuata saa au mazoea.

Aina za kuchagua

Si kila zinia inastahimili ukame kwa kiwango kimoja, na hapa ndipo wanunuzi wengi wa mbegu hukosea. Aina zinazopatikana kwa wingi madukani ni hizi zifuatazo:

Zinnia elegans. Hii ndiyo zinia ya kawaida, yenye maua makubwa na mashina marefu yanayofaa kukatwa na kupamba meza. Ipo mifupi ya sentimita 20 hadi 30 na mirefu inayofika mita moja. Huvumilia ukame wa wastani, lakini hushambuliwa kwa urahisi na ukungu wa majani.

Zinnia angustifolia. Ina majani membamba na maua madogo ya petali moja moja, mengi yakiwa ya chungwa, manjano au meupe. Hutambaa na kufunika ardhi, huvumilia joto na ukame vizuri zaidi, na haishikwi kwa urahisi na ukungu mweupe.

Zinnia haageana. Nayo hutoka Mexico. Maua yake ni madogo, mengi yakiwa na rangi mbili katika petali moja, nyekundu iliyoiva na manjano. Hustahimili ukame vizuri.

Zinnia marylandica. Hii ni chotara iliyotokana na kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Maryland, Marekani. Imechukua uvumilivu wa angustifolia na ukubwa wa maua unaokaribia ule wa elegans. Mbegu za jamii hii huuzwa kwa majina ya kibiashara kama Profusion na Zahara. Profusion, iliyotolewa na kampuni ya Sakata ya Japani, ilipata nishani ya dhahabu ya mbegu bora Marekani mwaka 1999.

Kwa mtu mwenye maji machache sana, angustifolia na chotara za marylandica ndizo za kuanza nazo. Kwa anayetaka maua ya kukata, elegans haina mpinzani, ila atenge maji zaidi kidogo na awe macho juu ya ukungu.

Msimu wa kupanda

Zinia haipendi baridi kali, na hilo si tatizo katika maeneo mengi ya nchi yetu. Kinachopaswa kupangwa ni namna ya kuifanya mvua ifanye kazi ya kumwagilia katika wiki za mwanzo, ili kiangazi kikute mizizi imekwisha kushuka.

Kwa Dar es Salaam na ukanda wa pwani, wakati unaofaa ni mwishoni mwa masika, yaani mwezi Mei. Mvua kubwa zinakuwa zimepungua, udongo bado una unyevu, na maua huanza kuonekana mwezi Julai, wakati wa ubaridi na upepo wa kusi. Kupanda katikati ya masika hakushauriwi, kwa sababu mvua nyingi huozesha mbegu na kueneza magonjwa ya majani.

Nafasi ya pili ni vuli, kati ya Oktoba na Novemba, ambapo maua hupatikana kipindi cha joto cha Januari na Februari. Vuli ikichelewa, ni busara kusubiri, kwani mbegu haiharibiki kwa kukaa bahashani wiki chache zaidi.

Kwa Dodoma, Singida na maeneo mengine ya kati, mbegu zipandwe mvua zikishatulia, kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Januari. Miche hiyo huchanua kuanzia Machi na huendelea kutoa maua kwa miezi kadhaa baada ya mvua kukatika. Katika nyanda za juu zenye baridi, kama vile Njombe na Mbeya, miezi ya Juni na Julai haifai kwa kuotesha.

Udongo na kitalu

Zinia inahitaji mahali panapopata jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi kila siku. Chini ya mwembe au ukutani kwenye kivuli itarefuka, itatoa maua machache na itashikwa na ukungu.

Udongo ulegezwe kwa jembe hadi kina cha sentimita 25 au 30. Kazi hiyo ni ngumu, lakini ndiyo inayoamua kama mizizi itashuka kutafuta unyevu au itabaki juu ikingoja ndoo. Changanya samadi iliyooza vizuri au mboji, kiasi cha ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita mbili za mraba.

Katika udongo wa kichanga, kama ulioenea Dar es Salaam, mboji husaidia kushika maji. Katika udongo mzito wa mfinyanzi husaidia kinyume chake, kuyapitisha yasituame. Mahali panapotuama maji, inua tuta kwa sentimita 15 hadi 20.

Mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi haihitajiki. Hunenepesha majani, huchelewesha maua na kuufanya mmea uwe mlafi wa maji.

Kupanda mbegu

Mbegu ya zinia ni bapa, na inaonekana kama ncha ya mshale. Ipandwe moja kwa moja mahali itakapokulia, kwa kina kisichozidi sentimita moja. Kuhamisha miche kunawezekana ikiwa midogo, lakini mizizi ikisumbuliwa mmea hudumaa kwa siku kadhaa na huhitaji maji mengi ili upone.

Weka mbegu mbili au tatu kila shimo. Kwa aina ndefu, nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 30. Kwa aina fupi, sentimita 20. Tuta lenye upana wa mita moja na urefu wa mita mbili hutosha miche mirefu 18 hadi 20, ambayo ni mingi ya kutosha kupamba mbele ya nyumba ya kawaida.

Katika joto la nyuzi 21 hadi 27 za Selsiasi, mbegu huota kati ya siku nne na saba. Miche ikifikisha majani manne, acha mmoja wenye nguvu katika kila shimo na uondoe mingine. Usione huruma, kwa kuwa miche iliyosongamana hugombea maji na huambukizana ukungu.

Kumwagilia: kiasi na wakati

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mmea uliozoeshwa maji kidogo ya juujuu kila siku hujenga mizizi ya juujuu, na siku maji yanapokatika ndio wa kwanza kunyauka. Ule uliomwagiliwa kwa wingi kwa nafasi hulazimika kushusha mizizi chini, kuliko na unyevu wa kudumu.

Katika wiki mbili za kwanza, hakuna njia ya mkato. Udongo wa juu usikauke kabisa. Lita nne kwa siku, asubuhi, zinatosha kwa tuta la mita mbili za mraba.

Kuanzia wiki ya tatu, mwagilia kila baada ya siku mbili, kisha tatu, huku ukiongeza kiasi kwa kila mara ili maji yashuke zaidi. Kufikia wiki ya sita, mara moja au mbili kwa wiki inatosha katika udongo mwingi. Udongo wa kichanga unaweza kuhitaji mara mbili, na wa mfinyanzi mara moja.

Kanuni ya kawaida ya bustani ni kukadiria milimita 25 za maji kwa wiki, mvua ikihesabiwa ndani yake. Kwa kuwa milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, tuta la mita mbili za mraba huhitaji lita 50 kwa wiki, yaani ndoo mbili na nusu. Zinia iliyokwisha kushika, na ambayo udongo wake umefunikwa, inaweza kuvumilia nusu ya kiasi hicho, ingawa maua yatapungua ukubwa na idadi.

Linganisha hesabu hiyo na ile ya ukoka. Uwanja wa nyasi wenye mita 50 za mraba, kwa kanuni hiyo hiyo, hudai lita 1,250 kwa wiki, zaidi ya ndoo 60. Mwenye kutamani kijani mbele ya nyumba ana haki ya kukitamani, lakini ni vyema ajue bei yake kabla ya kuchimba.

Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole ardhini hadi kina cha sentimita tano. Ukikuta unyevu, subiri. Majani yakilegea saa saba mchana, usikimbilie maji. Mimea mingi hufanya hivyo wakati wa jua kali na hurudi katika hali yake jioni. Majani yaliyolegea hadi asubuhi ndiyo yenye kiu ya kweli.

Maji yamwagwe polepole chini ya shina, si juu ya majani. Chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, iliyotobolewa kwa sindano ya moto kwenye kifuniko na kuchomekwa ardhini kichwa chini kati ya miche miwili, hufikisha maji kwenye mizizi bila kupotea njiani.

Maji yaliyotumika na maji ya mvua

Familia ya kawaida humwaga maji mengi ambayo zinia ingeyapokea bila malalamiko. Maji ya kuoshea mboga na mchele, na ya suuza ya mwisho ya nguo, yanafaa. Maji yanayodondoka kutoka kiyoyozi pia yanafaa, kwa kuwa karibu hayana chumvi.

Hata hivyo, yapo masharti. Maji yenye dawa ya kung'arishia nguo, sabuni nyingi au mafuta yasitumike, wala yaliyofuliwa nepi. Maji yaliyotumika yasiwekwe zaidi ya siku moja, na yamwagwe ardhini bila kugusa majani. Tuta lenye mboga zinazoliwa mbichi lisimwagiliwe maji hayo.

Wakazi wa pwani wenye visima vya maji ya chumvi wawe waangalifu, kwa sababu zinia si mmea wa maji hayo. Kingo za majani zikigeuka kahawia na kukauka, changanya maji ya kisima na ya mvua au ya bomba.

Kuhusu mvua, paa lenye mita 60 za mraba likinyeshewa milimita 10 hukusanya karibu lita 600, ukitoa kiasi kinachopotea. Hiyo ni mvua moja ya kawaida ya jioni. Kwa tuta letu la mita mbili za mraba, lita 600 ni maji ya wiki 12, muda unaokaribia maisha yote ya zinia tangu mbegu hadi maua.

Mapipa na matangi yafunikwe vizuri. Mbu anayeeneza homa ya dengue, iliyowahi kulipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaliana katika maji safi yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani, pamoja na visahani vinavyowekwa chini ya vyungu vya maua.

Matandazo

Miche ikifikia sentimita 10 hadi 15, funika udongo kwa matandazo yenye unene wa sentimita tano. Majani makavu, nyasi zisizo na mbegu, pumba za mpunga na maganda ya karanga yote yanafaa. Acha nafasi ndogo kuzunguka shina ili lisioze.

Matandazo huzuia jua lisipige udongo moja kwa moja, hupunguza magugu na huzuia matone ya mvua yasirushie majani udongo wenye vimelea. Penye kuku, uzio mdogo hauepukiki, kwani kuku huchakura matandazo kwa dakika chache tu. Zinia haina sumu kwa mbwa na paka.

Kukata ncha na maua makuukuu

Mche mrefu ukifikia sentimita 20 hadi 25, kata ncha yake juu kidogo ya jozi ya majani. Kila mahali pa jani patatoa tawi, na badala ya ua moja juu ya shina moja utapata kichaka chenye maua mengi. Chotara fupi hazihitaji kukatwa, kwa kuwa hutawanya matawi zenyewe.

Maua yaliyopita wakati yakatwe kila wiki. Mmea ukiachwa kutengeneza mbegu hujiona umemaliza kazi yake na hupunguza maua. Wakati wa mgawo mkali wa maji, kata mmea mzima hadi theluthi mbili ya urefu wake, kwani majani yakipungua mahitaji ya maji nayo hupungua.

Magonjwa na wadudu

Adui mkubwa ni ukungu mweupe, unaoonekana kama unga juu ya majani. Hustawi pale mimea iliposongamana, penye kivuli na hewa isiyopita. Mwingine ni madoa ya kahawia, ambayo huenea kwa matone ya maji na huweza kusafiri na mbegu. Kinga ni ile ile kwa yote: nafasi, jua, kumwagilia chini asubuhi, na kutorudia zinia katika tuta lile lile msimu baada ya msimu. Majani yaliyoathirika yang'olewe na kuchomwa moto.

Kwa wadudu, miche michanga huliwa na panzi, konokono na sota. Katika kiangazi, utitiri hujificha chini ya majani na kuyafanya yawe na vidoti vya manjano. Vidukari hukusanyika kwenye ncha changa. Maji yenye sabuni kidogo ya mche au dawa ya mwarobaini, yakipuliziwa chini ya majani jioni, hupunguza wadudu hao. Rudia baada ya siku tano hadi saba.

Wasio na ardhi

Wapangaji na wakazi wa ghorofani hawajaachwa nyuma. Ndoo iliyopasuka, beseni kuukuu au dumu lililokatwa hufaa, mradi litobolewe chini na liwe na kina cha sentimita 20 au zaidi. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mboji na moja ya mchanga.

Ieleweke kwamba chombo hukauka upesi kuliko ardhi, hasa chenye rangi nyeusi. Katika chombo zinia huhitaji maji kila siku moja au mbili wakati wa joto, ingawa ni kidogo kwa kila mara. Chagua chotara fupi au angustifolia.

Kuvuna maua na mbegu

Ua la kupamba meza likatwe asubuhi, likiwa limefunguka kabisa. Shika shina sentimita 20 chini ya ua na ulitikise taratibu. Likiyumbayumba bado halijakomaa, likisimama imara liko tayari. Ondoa majani yatakayozama, badilisha maji kila siku mbili, na usiliweke kwenye jokofu, kwani baridi huliharibu. Likitunzwa hivyo hudumu kwa wiki moja hivi.

Kwa mbegu, acha maua machache mazuri yakauke juu ya mmea hadi yawe kahawia. Yafikiche, yaanike kivulini siku chache na uhifadhi mbegu katika bahasha ya karatasi, mahali pakavu. Mbegu za chotara hazitarudisha mmea uliofanana na mzazi wake. Za aina za kawaida zitarudisha, ila rangi zinaweza kuchanganyika kwa kazi ya nyuki.

Mabaki ya mimea yenye mbegu yasitupwe porini. Ndugu mmoja wa zinia hizi, Zinnia peruviana, amekwisha kuwa gugu katika maeneo kadhaa ya kusini mwa Afrika.

Nyuki hao hao wana faida nyingine. Tuta la zinia lililo karibu na matango, maboga au matikiti huwavuta wachavushaji, na mboga hizo hazizai bila wao. Hivyo, ndoo moja au mbili za maji kwa wiki zinaweza kuleta maua mlangoni na chakula jikoni.

Miji yetu itaendelea kukua na maji yake yataendelea kugawanywa kwa watu wengi zaidi. Bustani ya maua itaweza kudumu katika miji hiyo ikiwa itajifunza kuishi kwa kinachobaki. Anayetaka kuanza hahitaji zaidi ya bahasha moja ya mbegu, tuta la mita mbili, matandazo, na uvumilivu wa kupima udongo kwa kidole kabla ya kunyanyua ndoo.